SAA MOJA YA NANI?

Ukimwuliza mtu wa mjini Dodoma kwamba Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, atakujibu upesi: "Ni saa moja tu." Ukimwuliza wa pili atasema: "Saa nne." Wa tatu atasema: "Siku nzima." Wote watatu wanasema kweli. Wa kwanza anapanda ndege, wa pili anapanda treni ya umeme, na wa tatu anapanda basi. Lakini yuko na mtu wa nne, ambaye ni nadra kuulizwa. Huyo ni mwananchi wa Buigiri, pale kando ya barabara kuu, kama kilomita 35 mashariki ya Dodoma.

Leo sisi tunataka kumwuliza huyo wa nne. Kwa maoni yetu, yeye ndiye mwenye kipimo cha haki. Nchi haipimwi kwa mwendo wa yule aliye mbele, bali kwa mwendo wa yule aliye nyuma. Na wala Buigiri si mahali pa pembezoni pasipojulikana. Ni jirani wa Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Kama jirani wa Ikulu bado anaona mbali, basi yule wa Kongwa ndani na wa Mpwapwa milimani aseme nini?

Kwanza tutazame hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Ukivuta uzi ulionyooka juu ya ramani kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, utapata kilomita 390 hivi. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Barabara haiwezi kunyooka kama uzi. Inapita Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo na Kibaigwa, nayo inafika karibu kilomita 450. Reli mpya nayo urefu wake unakaribiana na huo wa barabara.

Ndege za propela zinazotumika katika safari hii, kama zile aina ya Q400 ambazo Shirika la Ndege la taifa lilianza kuzipokea mwaka 2016, zikiwa angani huenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 390 zingekwisha kwa dakika 40 au pungufu. Mbona basi safari huandikwa kuwa ni saa moja na dakika kumi hivi? Sababu ni kwamba ndege haianzi safari yake angani. Hujikokota uwanjani, husubiri zamu yake, hupanda polepole, kisha hushuka polepole na kujikokota tena mpaka pa kuteremkia abiria. Saa hiyo moja imekwisha hesabu mambo mengi ambayo abiria hayaoni.

Lakini hata hivyo haikuhesabu yote. Tumchukue mzee mmoja wa Buigiri ambaye mwanawe amelazwa Dar es Salaam, naye ndugu wamemchangia nauli ya ndege ili awahi. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Anasimama barabarani kungoja gari. Akilipata, gari hilo linampeleka magharibi, yaani anaipa Dar es Salaam mgongo, mpaka Dodoma mjini. Huko anapanda pikipiki mpaka uwanja wa ndege. Hapo lazima awe amefika mapema, apimwe mizigo, akaguliwe, asubiri. Halafu ndege inaruka, inageukia mashariki, na katika dakika chache tu mzee wetu yuko angani upande ule ule alikotoka alfajiri. Akifika Dar es Salaam ni lazima atoke uwanjani na kuingia katika foleni ya magari mpaka hospitali. Hesabu saa zake: tano, pengine sita. Katika hizo, ni moja tu iliyoandikwa kwenye tikiti.

Treni nayo tuihesabu kwa haki, maana ni kazi kubwa ya taifa na hatupendi kuibeza. Kutoka Dar es Salaam mpaka Makutupora, kupita Dodoma, njia kuu ya reli ya kisasa ni kilomita 541: 205 mpaka Morogoro, na 336 kutoka Morogoro mpaka Makutupora. Abiria wa Dodoma walianza kusafiri mwezi Julai 2024, na uzinduzi rasmi ukafanywa tarehe 1 Agosti mwaka huo huo. Treni hii inaweza kufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa, nayo inamfikisha mtu Dodoma kwa saa tatu na nusu au nne. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Wazee waliokuwa wakilala usiku mzima katika treni ya zamani, wakivuta shuka na kuuliza "Tumefika Kilosa?", wanajua thamani ya jambo hili.

Sasa twauliza: ni saa nne za nani? Reli inapita katika Wilaya ya Chamwino, nayo ina kituo Igandu. Lakini mtu wa Buigiri hapandi reli, anapanda treni, na treni hupandwa kituoni. Kama hakuna gari linalomtoa Buigiri kwa saa zinazolingana na treni, basi treni inayopita wilayani mwake ni kama mvua iliyonyesha kwa jirani. Anaiona na kuisikia, lakini shamba lake ni kavu.

Jambo hili si geni hapa Ugogo. Hapo zamani, kabla ya reli yo yote, misafara yote ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita nchi hii kwa miguu. Ukitembea kilomita 20 kwa siku, basi kutoka pwani hadi hapa ni zaidi ya majuma matatu, bila kuhesabu siku za homa na mvua. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha alipomkuta Livingstone Ujiji. Kabla ya kuingia Ugogo misafara ilipaswa kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Waliovuka walifika wakiwa na kiu, nao watu wa Ugogo ndio waliokuwa na visima, nafaka na mifugo. Ilikuwa hapiti mtu bila kuomba ruhusa, na bila kutoa hongo kwa watemi. Safari ilikuwa ya taabu, lakini mwenyeji wa njiani alikuwa mtu wa kuhesabiwa.

Halafu Wajerumani wakajenga reli. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa majuma ukawa mwendo wa siku. Je, mwenyeji wa njiani alipata nini? Vita ya mwaka 1914 ilipokuja, majeshi yakachukua ng'ombe wake, yakachukua nafaka yake, yakawachukua vijana wake kuwa wapagazi. Vita ilipokwisha ikaja njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, nayo ikaua watu maelfu. Reli ilikuwepo! Ilikuwa na miaka karibu kumi imekwisha kupita katikati ya nchi yao. Lakini ilikuwa haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa ili mali itoke na askari waingie.

Tunalikumbusha jambo hilo si kwa sababu ya kulinganisha Serikali yetu na ya Mjerumani, la hasha! Tunalikumbusha kwa sababu linafundisha somo moja: njia kupita mlangoni kwako si sawa na njia kuwa yako. Njia huwa ya mtu pale anapoweza kuipanda, kuilipia na kuitumia kwa haja yake.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye shina la maneno yetu. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kwa nini Dodoma? Hapakuwa na bahari, hapakuwa na bandari, maji yalikuwa haba na jua lilikuwa kali. Ilichaguliwa kwa sababu iko katikati. Maana ya uamuzi ule ilikuwa kupunguza umbali: mkulima wa Kigoma, mvuvi wa Mwanza, mchungaji wa Arusha na mwananchi wa Songea wote wawe na safari inayokaribiana kwenda kwa Serikali yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikaa Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hakuja kutalii. Alikuja kuonyesha kwamba kiongozi anaweza kusafiri kumfuata mwananchi, si mwananchi tu kumfuata kiongozi.

Ilikusudiwa kazi ya kuhama imalizike kwa miaka 10. Haikumalizika. Kwa zaidi ya miaka 40 makao makuu yalikuwa Dodoma kwenye karatasi na Dar es Salaam kwenye viti. Katika miaka hiyo yote umbali kati ya miji hii miwili ulilipiwa na mwananchi. Wabunge walikutana Dodoma, mawaziri wakasafiri kuja na kurudi, magari yakakimbia, petroli ikaungua, posho zikalipwa, mafaili yakabebwa. Na mtu wa Buigiri aliyekuwa na shida wizarani alipaswa kupanda basi kwenda zaidi ya kilomita 400 kutoka katika mkoa ule ule ulioitwa makao makuu!

Hatukuwa peke yetu katika taabu hii. Brazil ilihamia Brasília mwaka 1960, Malawi ilihamia Lilongwe mwaka 1975, Nigeria ikahamia Abuja mwaka 1991. Kote huko ilionekana kwamba kujenga majumba ni rahisi kuliko kuwahamisha wakubwa walioizoea pwani au mji wa zamani.

Lakini lililo jema na lisemwe. Mwezi Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kweli, na safari hii neno likatendwa. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sheria ikatungwa kuitangaza kuwa makao makuu. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, na Rais mwenyewe akahamia Chamwino. Tazama ramani: Mtumba iko kati ya Dodoma mjini na Buigiri. Wizara zilizokuwa mbali zaidi ya kilomita 400 sasa ziko mwendo wa kama kilomita 20 kutoka Buigiri. Hakuna ndege iliyoweza kufanya hivyo. Hakuna treni iliyoweza kufanya hivyo. Umbali uliondolewa kwa kuihamisha Serikali, wala si kwa kumkimbiza mwananchi.

Kwa hiyo basi tunasema kwamba umbali una dawa mbili. Dawa ya kwanza ni mwendo: kuongeza ndege, treni na barabara. Dawa ya pili ni kuondoa sababu ya safari: kuleta huduma karibu na mtu. Dawa ya kwanza ina gharama kubwa na huwaponya kwanza wenye fedha. Dawa ya pili huwaponya wote. Nchi maskini haina budi kuzitumia zote mbili, lakini isisahau ya pili kwa kushangilia ya kwanza.

Ndiyo sababu hatutaki kusikia tena mwananchi akiambiwa Mtumba, "Faili lako liko Dar es Salaam, nenda ukalifuatilie." Neno hilo moja linaurudisha uamuzi wa mwaka 1973 mahali ulipoanzia. Faili halina tumbo wala watoto, wala haliumwi mgongo kwa kukaa garini. Faili na lisafiri, mwananchi akae nyumbani.

Tunajua kwamba wako watakaosema tunakuza jambo dogo. Kilomita 35 za Buigiri mpaka Dodoma ni nini? Tunawajibu kwa neno la wazee: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwenye gari kilomita 35 ni wimbo mmoja au miwili ya redio. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la zabibu kichwani ni asubuhi nzima. Na wako wengine Buigiri ambao umbali wao ni mkubwa zaidi. Tangu mwaka 1950 pako hapo shule ya wasioona, na watoto wa mikoa mbalimbali wamepata elimu hapo. Mtoto asiyeona anaposafiri kurudi likizo, hapimi njia kwa kilomita. Anaipima kwa idadi ya mara anazobadilisha gari, kwa idadi ya mikono ya wageni inayomshika, na kwa sauti anazotegemea kumwambia kwamba hapa ndipo pa kuteremka. Safari ya gari moja kwake ni fupi. Safari ya magari manne ni ndefu, hata kama saa ni zile zile.

Tusisahau pia kwamba mwendo bila ulinzi ni hatari. Jina la Igandu halikuanza kujulikana kwa kituo cha reli mpya. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyojaa watu zaidi ya elfu moja ilishindwa kupanda mlima, breki zikashindwa kuishika, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wale nao walikuwa wakihesabu saa za kufika. Tunaliandika jambo hili kwa heshima, ili kila fundi, kila dereva na kila mkubwa wa uchukuzi ajue kwamba saa ya kwanza katika safari yo yote ni ile ya ukaguzi. Abiria afadhali achelewe akiwa hai.

Basi yatupasa kusema tunataka nini, maana kulalamika peke yake si kazi ya gazeti.

Kwanza, magari ya abiria ya Chamwino, Buigiri na vijiji vya jirani yapangiwe saa zinazofuata saa za treni, Igandu na Dodoma. Treni ikifika usiku, mtu asilale kituoni kwa kukosa gari la kilomita chache za mwisho. Jambo hili halihitaji mkopo kutoka nje. Linahitaji halmashauri, wenye magari na wakubwa wa reli wakae meza moja.

Pili, katika vituo na magari pawe na watu waliofundishwa kuwasaidia wasioona, wazee na wagonjwa, na majina ya vituo yatangazwe kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosikika. Buigiri imewafundisha wasioona kusoma. Nchi nayo ijifunze kuwasafirisha.

Tatu, viongozi wanaporuka kwa ndege kati ya miji hii miwili, kila safari iulizwe swali moja: je, jambo hili lisingeweza kumalizwa hapa Dodoma, au kwa simu, au kwa treni? Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2019 mkopo wa uwanja wa Msalato, uliopangwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600. Uwanja wa namna hiyo ni wa kupokea dunia na kusafirisha mali ya wakulima. Usiwe mlango wa nyuma wa kurudia Dar es Salaam kila Ijumaa.

Nne, nauli. Shilingi 31,000 si neno kwa mwenye mshahara mkubwa, lakini mkulima wa uwele na mtama huzihesabu mara mbili. Wanaopanga nauli wasitazame urefu wa reli tu, watazame na kina cha mfuko.

Nasi wananchi tunalo letu. Reli hii ni mali yetu. Anayeiba nyaya za umeme za reli hamwibii Serikali, anamwibia yule mzee anayemkimbilia mwanawe hospitali. Anayepitisha mifugo juu ya njia, anayechelewa kituoni halafu akatukana, anayemwacha mama mjamzito asimame naye ameketi, huyo pia anarefusha safari ya mwenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini katika chombo kimoja mizigo yote ni yetu.

Siku itakuja ambapo mtu wa Buigiri akiulizwa Dar es Salaam ni mbali gani, atajibu bila kusita. Tungependa ajibu hivi: "Ni saa chache, lakini mimi sina haja ya kwenda. Shida yangu imekwisha hapa hapa." Siku hiyo tutajua kwamba makao makuu yamefika Dodoma.